Bafle ya Chumba cha Nyuma

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akisimama mbele yangu najua pa kukata kabla hajamaliza kusema anataka nini, na kwa hilo nina majivuno, sifichi. Ndiyo maana naona haya kusimulia habari ya bafle. Wengine wanaita spika. Kwetu Rumonge ni bafle, na kwa miezi mitatu nilihangaika kuchagua moja tu, ya chumba cha nyuma, nikashindwa, nikashindwa tena, na siku niliyofaulu ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Baba alipatwa na kiharusi kwenye mvua za mwanzo. Upande wa kuume ukafa, ulimi nao ukafa. Ukabaki mkono wa kushoto, na macho. Alipotoka hospitali, baba mkubwa, yaani kaka yake, alisimama mlangoni akaamua: kitanda kiwekwe sebuleni. Mgonjwa lazima atembelewe, na wanaume wanaokuja kumjulia hali hawawezi kupitishwa uani ambako wanawake wanapika vichwa wazi. Hakuna aliyebisha. Mama mwenyewe ndiye aliyetandika shuka.

Basi siku zetu zikapata mpangilio. Asubuhi mama alikuwa na mtu wake, akimwosha, akimlisha uji, akimgeuza ubavu. Baada ya alasiri wanaume wakaanza kuingia: wavuvi, wachuuzi wa mawese kutoka Kigwena, wazee wa msikitini, huyu anatoka yule anaingia, mpaka baada ya isha. Saa hizo zote mama alikaa chumba cha nyuma, upande wa pili wa ukuta uleule ulioegemewa na kitanda cha baba. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja wa tofali na pazia moja. Hatua saba, nimezipima.

Heshima kwa wazee wangu haikuwa mchezo. Sijawahi kumsikia baba akimwita mama kwa jina mbele ya wanaume. Zamani, wageni wakiwapo na akitaka kahawa, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sinia ikafika kwenye pazia, akainuka akaipokea. Asiyejua angedhani nyumba inajihudumia yenyewe.

Na baba alikuwa mtu wa muziki. Ujanani alipiga ngoma ya dumbaki kwenye kikundi cha harusi, kabla hajageukia biashara ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mpaka uzeeni, kila siku baada ya alasiri, kama hakuna mgeni, yeye na mama walikaa sebuleni na chai ya tangawizi wakasikiliza nyimbo za zamani, yeye akipiga vidole kwenye mkono wa kiti, mama akimtania kwamba kile kiti hakijamkosea kitu. Dada yangu mkubwa, anayeishi Ulaya, ndiye aliyewaletea bafle ya kwanza. Ni kitu cheusi, kidogo, hakitaki kaseti wala CD, kinavuta nyimbo kwenye waifai na unakiamuru kwa simu. Baba alikikodolea macho wiki nzima kabla ya kukiamini.

Alipougua niliendelea kuiwasha kila alasiri, sauti ya chini, ili asilale akisikiliza habari za bei ya samaki tu. Wiki ya pili, mkono wa kushoto ukaanza kugonga ukuta. Ko, ko, ko. Nilikuwa nyuma na mama, anachambua mchele. Ungo ukamponyoka.

"Sikia! Anapiga dumbaki! Mutoto wangu, baba yako iko ndani!"

Akalia kwa furaha, akacheka, akalia tena. Unajua, daktari alikuwa ametuambia hawezi kusema ni kiasi gani kimebaki kichwani mwa baba. Macho yake yalitutazama lakini hayakutwambia kitu. Sasa mama akajitungia kipimo chake mwenyewe. Mkono ukishika mapigo ya wimbo, mtu yupo. Ukiyapoteza, mtu ameondoka, kimebaki kiwiliwili. Alinitamkia hivyo hivyo, bila kupepesa jicho. Shida ni kwamba kule nyuma alisikia kugonga tu. Wimbo wenyewe ulimezwa na mazungumzo ya wageni.

"Nitilie bafle huku kwangu," akasema. "Iseme kile kile, saa ile ile. Nisikie mwenyewe kama anapiga sawa."

"Mama, hiyo ni kazi ya siku moja tu."

Mdomo wangu huu! Siku moja.

Nilianza sokoni, kwa ujinga wangu, na bafle ya bluetooth yenye taa za rangi zinazozunguka. Nikaifikisha nyumbani nikagundua kwamba simu ikiishika hii, ile ya sebuleni inanyamaza. Haya. Nikaazima simu ya pili, nikafungua wimbo uleule kwenye zote mbili, nikasimama karibu na pazia, moja mkono huu, moja mkono huu, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza zote kwa pamoja. Wanaume sebuleni wakanitazama. Baba mkubwa akauliza kama na mimi nimepatwa na kitu. Ya nyuma ikaja imechelewa, kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, na nilivyozidi kubonyeza ndivyo zilivyozidi kupishana. Mama alikuwa amekaa mkekani, sikio ukutani.

"Anawahi," akasema. "Bafle haijasema, yeye alishasema."

"Bafle ndiyo inachelewa, mama. Siyo yeye."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sikuwa na hakika ya chochote. Lakini uso wake ulipotulia niliona sasa nimejifunga. Kuanzia siku ile kila bafle niliyochagua haikuwa bafle tena, ilikuwa ni kumwambia mama kama mume wake yu hai au la.

Nikamtumia dada ujumbe wa sauti. Majibu yake yalikuja saba, mfululizo, na la kwanza lilikuwa kucheka. "Nani alikwambia ununue hiyo takataka? Bluetooth ni ya kwenda nayo ziwani siku ya mapumziko, dimanshi!" Kisha akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Vyumba viwili vikitaka kuimba pamoja, lazima vyombo vifuate saa ileile moja, visikilizane vyenyewe kwa vyenyewe. Aina ileile na aina ileile. Au basi, nitafute kisanduku cha kupokea muziki wa waifai, nikiunge kwenye amplifaya na bafle za zamani za baba zilizoko stoo. "Aina ile sidhani kama iko Burundi. Nitakutafutia mtu wa kuja nayo. Lakini sijui lini."

Sijui lini! Mama kila jioni alikuwa anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Nikachagua kisanduku.

Nikamwita fundi wa redio wa pale sokoni. Huyu kazaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi wake ni wa upande wa Bugarama, wakarudi naye ukubwani, na Kiswahili chake kimenyooka mno, ukimsikiliza unadhani umefungua taarifa ya habari. Alifungua bafle za baba, mbili kubwa za mbao, akatoa kiota cha panya.

"Ndugu yangu," akasema, "hizi bado ni imara kabisa. Nitabadilisha karatasi za sauti zilizotafunwa tu. Lakini hicho kisanduku utakachokileta, siwezi kukuahidi kitakwenda sambamba na kile cha sebuleni."

"Kwa nini?"

"Kila kimoja kina namna yake ya kufikiri."

Nilikasirika. Nilimwambia sikumwita aje kunitisha, nilimwita ashone karatasi. Akaniomba radhi kwa adabu yake ile ya Kitanzania, nikaona haya zaidi.

Safari ya Bujumbura nikangoja siku mbili kwa sababu esansi, yaani petroli, haikuwepo. Dukani kulikuwa na visanduku vitatu vya aina tatu, vimepangwa kwenye kabati la kioo, na muuzaji kijana mwenye manukato akaniuliza chumba kina ukubwa gani, na kama napenda besi nzito.

"Sitaki besi," nikasema. "Nataka kisichochelewa."

"Kuchelewa vipi, patron?"

Nikajaribu kumweleza. Kwamba kuna mzee anagonga ukuta, na mke wake yuko upande wa pili. Maneno yalivyonitoka nikajisikia mwendawazimu. Akanitazama kwa huruma, akachukua kile cha katikati akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Hii iko sawa," akasema.

Hakujua. Na mimi sikujua, na alijua kwamba sijui. Nimewauzia watu vitambaa kwa sauti ileile. Nikamshukuru, murakoze, nikakipakata kwenye magoti mpaka Rumonge, ziwa mkono wa kuume njia nzima, nami silitazami.

Jioni fundi alipounganisha kila kitu, loo! Zile bafle za mbao zilikijaza chumba. Ulisikia kidole kikigusa waya wa udi, ulisikia mwimbaji akimeza mate. Mama alifunga macho akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu siku ile ungo ulipomponyoka, nikamtazama fundi na fundi akanitazama. Kisha ukutani, ko, ko, ko. Tabasamu likafifia.

"Sauti ni nzuri," akasema polepole, kama anayeogopa kuniumiza. "Lakini bado anawahi."

Nilihamisha kisanduku cha intaneti, kile kinachorusha waifai nyumbani, kutoka dirishani kwenda juu ya kabati, kutoka juu ya kabati kwenda ukumbini. Nilibadilisha waya. Nilizima kila kitu nikakiwasha upya, mara ngapi sikumbuki. Programu ya simu ilikiona kisanduku changu kipya kama mgeni asiyealikwa, haikutaka kukiweka pamoja na bafle ya sebuleni kamwe. Wateja wangu walikuja kudai magauni ya harusi wakanikuta nimeshika nyaya mdomoni. Nilikuwa mnyonge, sina neno jingine. Mtu mzima, baba wa watoto, nimeshindwa na nusu ya pumzi.

Na mama alianza kumlaumu mgonjwa. Alikaa na kiganja kimelazwa ukutani, akinong'ona. "Mtu aliyepiga harusi zote kuanzia hapa mpaka Gatete, leo hajui wimbo unaanza wapi." Kisha akajikemea, astaghfirullah, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Hapana. Ni bafle. Si umesema ni bafle?"

"Ni bafle, mama."

Kulikuwa na jambo moja tuliloliona wote na hatukulitilia maanani. Wageni wakishaondoka na mama akaenda kukaa naye, mkono haukugonga. Hata niache wimbo ukiendelea, hata uwe ule alioupenda. Tulisema amechoka.

Ile bafle ya dada ikafika mwezi wa tatu wa mahangaiko haya, mkobani mwa mtu aliyekuja kuzika. Nyeusi, ndogo, ndugu wa tumbo moja na ile ya sebuleni. Niliichomeka chumba cha nyuma. Simu ikaniuliza kama nataka kuongeza chumba, nikakubali. Ikaniuliza chumba kinaitwa nani. Nikaandika: Mama.

Nikawasha wimbo, nikaenda nikasimama pale pazia linapotenga vyumba, sikio moja sebuleni, sikio moja nyuma. Wallahi palikuwa na sauti moja. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Moja! Hakuna pumzi, hakuna nusu ya pumzi. Baba mkubwa, aliyekuwa kwenye kiti chake cha kila siku pembeni ya kitanda, akasema, "Wewe mtoto, kaa chini, unatupeperushia vumbi," na sikujali.

Mama aliketi mkekani. Alijitengeneza kanga kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Wimbo ulikuwa wa harusi, wa polepole, wenye dumbaki tupu mwanzoni, hata mimi nisiye na sikio naweza kuufuata kwa kichwa.

Ko, ko, ko.

Haikuingia popote. Kisha kimya, mapigo yakapita matano, sita, na tena, ko, ko, ko, mahali pengine kabisa. Nikabadilisha wimbo. Ko, ko, ko. Nikabadilisha tena. Ilikuwa ileile, haijali wimbo gani.

"Hii haichelewi?" mama akaniuliza.

Ningeweza kusema inachelewa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema. Uongo niliokuwa nao tayari kwa miezi mitatu, siku niliyouhitaji sikuuona.

"Haichelewi, mama."

"Basi ameondoka."

Akajifunika kanga uso mzima. Hakulia. Nilipiga magoti mbele yake na ile simu yangu, nikafungua mipangilio, nikafunga, nikatafuta kosa lolote ambalo ningeweza kumwonyesha nikasema, mama, tazama, kosa ni hili. Hapakuwa na kosa. Kila kitu kilikuwa sawa kabisa.

Na hapo umeme ukakatika.

"Kuran imeenda," mtu mmoja akasema sebuleni, kama tunavyosema kila siku, na mazungumzo yakasita kidogo kama yanavyosita kila siku. Vyumba vyote viwili vikanyamaza kwa mara moja. Jua lilikuwa bado lipo, linaingia na harufu ya mawese yanayochemshwa kwa jirani.

Ko, ko, ko.

Mama hakusogea.

Ko, ko, ko.

Kanga ikashuka taratibu kutoka usoni pake. "Hakuna wimbo," akasema.

"Hakuna, mama. Kuran imeenda."

Ko, ko, ko. Halafu kungoja. Alikuwa anangoja, sasa nilisikia wazi, mtu anagonga kisha anangoja. Na niliuona mkono wa mama ukienda wenyewe pembeni ya mkeka, upande wa kuume, ukapapasa sakafu mahali ambapo kwa miaka yote ile palikaa sinia ya vikombe. Hapakuwa na sinia. Kiganja kikabaki pale chini kimefunguka.

"Hii siyo dumbaki," akasema. "Ananiita."

Alisimama haraka kuliko nilivyomwona akisimama mwaka mzima. Nilidhani atasita penye pazia. Miaka yote hakuwahi kuvuka pale wanaume wakiwapo, na alimfundisha hivyo dada yangu kwa fimbo. Akalisukuma pazia kwa kiwiko akapita.

Sebuleni kulikuwa na wanaume watano au sita. Wote wakatazama chini, mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Baba mkubwa akainuka.

"Shemeji," akasema, "wanaume wako hapa."

"Nawaona," mama akajibu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono wa kushoto ukutani. Mahali ulipokuwa ukigonga rangi ilikuwa imebanduka, tofali linaonekana. Sisi tulioingia na kutoka mle kila siku hatukuwa tumeona. Mkono ukagonga mara moja ndani ya kiganja chake, ukatulia. Baba alimtazama, na machozi yakaanza kumtoka, yakaenda yakiingia sikioni, na mama akayafuta kwa kidole gumba.

"Nimekuja," akamwambia. "Nimechelewa, nisamehe. Unataka nini? Maji? Nikugeuze?"

Mama aliuliza tena, kitu kimoja kimoja, maji, mto, shuka, mgongo, na baba akamtazama tu. Alichokuwa akikitaka siku zote zile, kiu iliyomshika, maumivu, au hamu tu ya kuonana, hatukijui na hatutakijua.

Kisha mama akanigeukia pale nilipokuwa nimesimama, nusu mwili ndani ya pazia. Hakupaza sauti.

"Miezi mitatu ananiita," akasema, "na sisi tunampimia wimbo."

Baba mkubwa alitoka nje bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga, amahoro, chini chini. Nilitamani na mimi nitoke, nikabaki nimeshika pazia.

Umeme ukarudi. Kile kisanduku cha intaneti kikawasha taa zake, moja, mbili, tatu, na simu mkononi mwangu ikatetemeka. Vyumba viwili viko tayari, ikaniambia: Sebule, Mama. Chumba cha Mama hakikuwa na mtu. Ikaniuliza nianzie wapi, nikasimama nayo pale, sijui la kubonyeza.